Wanafunzi wa Kamina na Misa Luba

Huko Ulaya wako watu wengi wasiojua Kamina iko upande gani wa dunia, lakini wamekwisha kusikia sauti za watoto wake. Kamina si mji wa kale. Njia ya treni ndiyo iliyouzaa. Ilipokamilika mwaka 1928 njia ile itokayo Bukama mpaka Ilebo, zamani zile wakiiita Port-Francqui, Kamina ikawa mahali pa kukutana: treni za kusini zatoka Lubumbashi, nyingine zaelekea Kasai, na tangu mwaka 1956 nyingine tena zaenda Kabalo. Palipo na treni hapakosi wageni. Watu wa Kasai walikuja na wake zao na watoto wao kutafuta kazi, wakakaa pamoja na Waluba wa Katanga wenye inchi. Watoto wa hawa na wa wale wakaketi kwenye benchi moja shuleni. Jambo hili msomaji alishike vizuri, maana pasipo hilo hataelewa yatakayofuata.

Mwezi wa Septemba 1953 akafika Kamina padri mmoja Mfransisko wa Ubelgiji, jina lake Guido Haazen, kuisimamia shule. Mwaka uliofuata, 1954, akaunda kwaya: wavulana karibu 45, wenye miaka kati ya 9 na 14, pamoja na walimu wao 15. Kwaya ikapewa jina la mfalme wa Wabelgiji, Les Troubadours du Roi Baudouin. Jina lile leo lasikika kama nguo ya kuazima, lakini siku zile ndivyo mambo yalivyopewa majina.

Tuyakumbuke mafundisho ya nyimbo yalivyokuwa katika shule zetu kabla ya hapo. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Piyo X alitoa sheria juu ya muziki wa kanisa. Wimbo wa Gregori ndio uliowekwa mbele ya nyimbo zote. Wanawake hawakuruhusiwa kuwa katika kundi la waimbaji wa liturjia, na sauti nyembamba zikitakiwa, ziimbwe na wavulana. Tena vyombo vya makelele vilikatazwa kanisani, na katika hivyo ngoma imetajwa wazi wazi. Papa hakuwa akifikiri juu ya Katanga. Alitaka kutoa ndani ya makanisa ya Italia muziki wa tiyatro na wa bendi za barabarani. Lakini sheria ilipovuka bahari ilikuta inchi ambamo ngoma si makelele. Kwetu ngoma hutangaza kifo, huita watu kwenye baraza, hupokea mtoto, hutuliza wenye uchungu. Basi ikafungiwa nje ya mlango wa kanisa, na mara nyingi nje ya mlango wa shule pia. Mtoto aliingia darasani akijifunza nyimbo za Flandria na za Ufaransa, na jioni alirudi nyumbani kusikia nyimbo za babu yake. Alikuwa na masikio mawili yasiyosalimiana.

Tusiseme kwamba wamisionari wote walikuwa wa namna moja. Wengine waliandika nyimbo za wenyeji kwa bidii, na wengine waliandaa ngoma siku ya sikukuu ya shule. Huko Élisabethville alikuwako Joseph Kiwele, mwana wa Katanga aliyepitia seminari, akifundisha muziki na kutunga vipande vyake mwenyewe kabla watu hawajasikia habari za Kamina. Upande wa mikono na macho, Bruda Marc-Stanislas alifungua mwaka 1943 shule ya Saint-Luc kule Gombe-Matadi, iliyohamia Léopoldville mwaka 1949, na wanafunzi walichonga na kuchora humo. Hivyo Kamina si mwanzo wa kila kitu. Lakini Kamina walifanya jambo moja ambalo wengine walikuwa wakilizunguka tu: walileta mambo ya nyumbani mpaka altareni.

Walifanyaje? Hapa ndipo somo lenyewe. Misa Luba haikuandikwa kwanza kwenye karatasi ili wanafunzi waikariri. Padri Haazen mwenyewe alieleza kwamba iliimbwa tu, kundi zima likibuni pamoja juu ya nyimbo za kienyeji na midundo iliyojulikana, na kwamba hakuna nota hata moja iliyoandikwa kabla. Maneno yalikuwa Kilatini, yale yale ya misale: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Benedictus, Agnus Dei. Sauti na mwendo vilikuwa vya watu wa inchi.

Mwenye kufundisha shuleni ajiulize kazi hiyo yahitaji nini. Yahitaji kwanza mtoto ayajue maneno ya Kilatini hata yasimkwaze ulimini, maana atakayesita kwenye neno hawezi kubuni wimbo. Yahitaji pili aujue wimbo wa kwao, siyo kwa kuusikia mara moja tu bali mpaka ndani, ajue mahali unapoinuka na mahali unapoanguka, nani aanze na nani aitikie. Tena yahitaji awasikilize wenzake. Katika kuimba kwa kukariri mtoto mmoja akipotea, kitabu kiko, mwalimu anamrudisha. Katika kuimba kwa kubuni kitabu hakipo. Kinachomrudisha ni sikio lake. Mwimbaji mmoja anatangulia, na kundi linamjibu. Wa kwanza akirefusha, wengine wanamngojea. Akibadili, nao wanabadili. Waliozaliwa vijijini wanajua kwamba hivyo ndivyo tunavyoimba kwenye matanga na shambani. Jipya lilikuwa hili tu, kwamba ujuzi ule ulihesabiwa kuwa masomo.

Mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko wimbo wenyewe. Shule za wakati ule, hata zilizo njema, zilimfundisha mtoto kurudilia. Swali la katekisimu lilikuwa na jibu lake, na jibu halikugeuka. Sitaki kuicheka njia hiyo. Wengi wetu tuliishika imani kwa njia hiyo, na kumbukumbu iliyofunzwa vizuri ni mali. Lakini mtoto anayerudilia hajaulizwa bado yeye mwenyewe ana nini. Wale wa Kamina waliulizwa. Hata walimu wao 15 waliulizwa, na kwa mwalimu hilo ni gumu zaidi, maana alikuwa amelipa bei kubwa ya kuonekana mtu aliyeacha ya kijijini.

Sasa tuziangalie sehemu za Misa. Kyrie iliimbwa kwa namna ya kasala ya Waluba wa Ngandajika, katika Kasai. Msomaji asiye Muluba aelewe kwamba kasala si wimbo wa kuchezea. Ni maneno ya kuwataja watu kwa majina yao ya sifa, majina ya baba zao na ya ukoo wao, na hasa huimbwa penye kifo. Mwenye kuimba kasala anamlilia aliyekufa na pamoja anawainua walio hai. Patrice Mufuta aliiandikia kitabu kikubwa kilichotoka miaka ile ya 1960, na baadaye, mwaka 1974, Clémentine Faïk-Nzuji akaandika tena juu yake. Lakini wavulana wa Kamina walikuwa wameitia katika Kyrie eleison kabla ya vitabu hivyo. Nani atasema walikosea mahali? Aliye matangani na anayeomba huruma ya Bwana wana kilio kimoja.

Sanctus na Benedictus zilitoka katika wimbo wa kuagana wa Waluba. Wengi hushangaa: kwa nini wimbo wa kwaheri uwekwe pale ambapo malaika wanasifu? Waseminari watanisaidia, lakini mimi nafikiri sikio la watoto lilikuwa na akili. Katika Sanctus tunasema maneno ya watu wa Yeruzalemu walipompokea Bwana penye mlango wa mji, na siku chache baadaye alikuwa msalabani. Mapokezi yale yalikuwa pia maagano. Ukiisikiliza Sanctus ya Kamina, sauti za wavulana zinapanda polepole juu ya mwendo wa ngoma, hazina haraka, na furaha yake ina machozi ndani. Kisha Hosanna inakuja kwa mdundo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai, na ghafula miguu yataka kuondoka chini. Agnus Dei ilichukua wimbo wa Bena Luluwa.

Basi hesabu: Ngandajika, Waluba wa Katanga, Kasai, Bena Luluwa. Hiyo ndiyo treni ya Kamina imeingia kanisani.

Misa hiyo iliimbwa mara ya kwanza katika ibada tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo huko Kamina. Nimesema juu ya sheria ya 1903. Je, waliivunja? Waimbaji walikuwa wavulana na wanaume, kama sheria ilivyotaka. Maneno yalikuwa Kilatini tupu, hakuna neno lililoongezwa la Kiluba wala la Kiswahili. Ni ngoma tu iliyobaki upande wa makosa, na juu ya roho ya jambo hilo mlango ulikuwa umeanza kufunguka, maana tarehe 25 Desemba 1955 Papa Piyo XII alikuwa ameandika barua juu ya muziki mtakatifu akiwahimiza wamisionari kujali upendo wa watu wa misioni kwa nyimbo za dini. Konsilyo ilikuwa bado. Katiba yake juu ya liturjia ilitoka tarehe 4 Desemba 1963, ikisema kwamba mapokeo ya muziki ya watu hao yapewe heshima na nafasi inayofaa hata katika ibada. Watoto wa shule ya Katanga waliitangulia Konsilyo miaka mitano na zaidi. Jambo la namna hii katika Eklezya halitokei kila siku, na linapotokea mara nyingi hakuna anayeandika majina.

Mwaka ule ule wa 1958 kwaya ikaenda Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na pia katika Maonyesho ya Dunia ya Bruseli, yaliyofunguliwa mwezi wa Aprili na kufungwa mwezi wa Oktoba. Maonyesho yale yalikuwa na upande wa Kongo, na ndani yake kijiji cha nyasi ambamo Wakongo, wanaume, wanawake na watoto, walikaa wakifanya kazi za mikono mbele ya watazamaji. Wageni wengine waliwatendea kama wanyama nyuma ya ua, hata kuwatupia ndizi. Wale watu walichoka na aibu hiyo, wakarudishwa Kongo kabla maonyesho hayajaisha. Mtu aweke mambo hayo mawili pamoja: katika mji ule ule na mwaka ule ule, Mzungu mmoja amsikiliza mtoto wa Kamina akiimba Sanctus na kunyamaza kwa heshima, mwingine, labda ndugu yake, anamtupia ndizi mtu wa damu ileile. Sisemi kwamba wimbo uliwabadili. Nasema tu kwamba wote wawili walikuwako.

Nyimbo zikatiwa katika disiki na kampuni ya Philips. Upande mmoja ulikuwa Misa, upande wa pili nyimbo za inchi: Dibwe Diambula Kabanda na Ebu Bwale Kemai, ambazo ni nyimbo za arusi, Katumbo ya kuchezwa, Twai Tshinaminai ya wenye kazi. Wengi wanaoipenda disiki hiyo husikiliza upande wa Misa tu. Wanakosa. Upande wa pili ndio unaoonyesha udongo ambao mti ulitoka.

Hapo ndipo linapoanza shauri gumu. Misa Luba ni ya nani? Kwenye disiki na katika nota zilizochapwa baadaye, jina la Padri Haazen ndilo lililowekwa kama mpangaji. Kati ya waimbaji jina la Joachim Ngoi, mwalimu aliyeimba peke yake kwa sauti ya juu ya kiume, limefahamika kidogo. Wavulana 45 walibaki kundi.

Wako wanaosema: Padri alinyang'anya. Wako wanaojibu: pasipo yeye hakuna kwaya, hakuna disiki, hakuna Misa. Mimi sikubaliani na hao wala hawa kwa jumla. Padri hakusema kwamba alitunga; alisema wazi kwamba ilibuniwa na kundi. Tena kazi ya kuchagua, kukusanya, kuthubutu mbele ya wakubwa wake, kuamua wimbo huu uwe Kyrie na ule uwe Agnus Dei, ni kazi ya kweli, na mwalimu yeyote ajua uzito wake. Lakini sheria za muziki za Wazungu zilitengenezwa kwa mtu mmoja aketiye na kalamu. Zinauliza: nani aliandika? Hazijui kuuliza: nani alijibu aliyeanza? Wimbo wa kuagana wa Waluba hauna mtunzi mwenye jina, na mvulana aliyeinua sauti pale asipoambiwa, akaupa wimbo uzuri wake, hakuacha sahihi. Kwa hiyo haki yake ikaanguka kati ya mistari. Huo si wizi wa mtu mmoja. Ni kasoro ya daftari lenyewe. Hata hivyo daftari lingeweza kuongezwa ukurasa wa majina 60, na karatasi haikuwa ghali.

Shauri hili si la zamani tu. Katika shule zetu na seminari zetu mpaka leo wanafunzi hutunga nyimbo za misa, hucheza tiyatro, huandika mashairi ya gazeti la shule, na mwisho wa mwaka kazi hutajwa kwa jina la mkubwa wa kwaya au la shule. Wengine husema ni unyenyekevu. Unyenyekevu ni wa mwenye kuutoa. Ukitolewa kwa niaba yake na mtu mwingine, una jina lingine.

Disiki ikaendelea na safari yake pasipo wavulana. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini, mtu wa sinema wa Italia, aliitia Gloria ya Kamina katika sinema yake ya Evanjili ya Mathayo. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitoa sinema juu ya wanafunzi wa shule moja ya bweni, watoto wa matajiri, wanaoichukia shule yao mpaka kuichukulia bunduki. Kijana mkubwa wa sinema hiyo anaicheza Sanctus ya Kamina chumbani mwake, tena na tena. Sinema ikapata tuzo la kwanza huko Cannes mwaka 1969, na Sanctus ikauzwa Uingereza peke yake katika disiki ndogo, ikifika namba 28 katika orodha ya nyimbo zilizonunuliwa. Ajabu yake ni kubwa. Wimbo uliozaliwa na wanafunzi waliosikilizwa ukawa wimbo wa wanafunzi wasiosikilizwa. Aliyeuchagua labda hakuwa na habari za Kamina, lakini sikio lake lilisikia ndani yake kitu ambacho shule ile ya Kiingereza haikuwa nacho.

Na Kamina yenyewe? Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitangaza kuwa inchi peke yake. Joseph Kiwele, yule mwalimu wa muziki, akawa waziri wa elimu katika serikali hiyo na akatunga wimbo wake wa taifa. Alikufa mwaka 1961. Katika vita vya miaka ile Waluba wa kaskazini walipigana na serikali ya Élisabethville, na vijiji vikateketea. Kisha, mwaka 1992 na 1993, lilikuja jambo lingine. Watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, watu mamia ya maelfu, wengi wao wamezaliwa Katanga wala hawajaiona Kasai hata siku moja. Walilala penye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi majuma na miezi wakingojea mabehewa, na wengi walikufa hapo kwa njaa na magonjwa, hasa watoto. Treni za kwenda Kasai hupita Kamina. Njia ile iliyoleta kasala ya Ngandajika kwenye benchi la shule iliwarudisha wenye kasala, safari hii bila benchi wala paa.

Siwezi kuisikiliza Kyrie ile tangu hapo kama nilivyoisikiliza mbele. Wale wavulana waliiimba kasala ya Kasai katika kanisa la Katanga, na aliye wa huku aliitikia wimbo wa aliye wa kule bila kuuliza babu yako alizaliwa wapi.

Misa haikufa. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliiimba na kuitoa upya, na sasa vijana wengi wameijua kwa sauti za watu wa Nairobi, wanawake pamoja na wanaume. Kwetu Roma ilikubali mwaka 1988 kawaida ya Misa kwa majimbo ya Zaire, ambamo ngoma na kucheza vina mahali pao, na tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliiadhimisha katika basilika ya Mtakatifu Petro pamoja na Wakongo wa Roma. Aliyezaliwa karibuni hawezi kuelewa ni kitu gani kilichogombaniwa juu ya ngoma.

Mvulana aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1958 alizaliwa mwaka 1949. Wazee wa namna hiyo wangali wako katika parokia zetu, na yawezekana wengine wao waliimba katika kundi lile. Waseminari walio karibu na Kamina wana likizo kila mwaka, na daftari. Wakawaulize nani alianza Sanctus, nani alijibu, na wimbo wa kuagana waliujifunza kwa nani. Na majibu wayaandike pamoja na majina.